Zana hujibu ulichoiuliza: uzoefu wangu katika kusanifu umbo la chipu

Mantiki ya chipu inapofika mikononi mwangu huwa imekwisha kuandikwa na kuhakikiwa na wengine. Kazi yetu sisi wahandisi wa umbo huanzia hapo: kuchukua orodha ya seli, yaani vipande vidogo vya saketi, na miunganisho yake, ambayo huweza kuwa na mamilioni ya seli, na kuamua kila seli ikae wapi, umeme uifikie kwa njia gani, mpigo wa saa, yaani ishara inayoongoza hatua za chipu, uifikie lini, na kila waya upite katika tabaka lipi la metali. Kinachotoka mwishoni ni faili la maumbo ya pembe nyingi, kwa kawaida katika muundo wa GDSII ulioanzishwa na kampuni ya Calma mwaka 1978, na kiwanda hulitumia faili hilo kutengeneza maski, yaani vielelezo vya kuchapia matabaka ya chipu. Kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kupanga mamilioni ya seli kwa mkono, kazi yenyewe hufanywa na programu, na sisi huzilisha, huziendesha na kuzisoma. Miaka niliyokaa katika kazi hii imenifikisha kwenye msimamo mmoja: programu hizi ni hodari mno wa kujibu, lakini hujibu kile tu zilichoulizwa, na sehemu kubwa ya uhandisi wetu ni kuhakikisha kwamba swali lenyewe limekamilika.

Swali hilo huandikwa hasa katika faili la masharti, ambalo sote hulijua kwa herufi zake tatu, SDC. Humo ndimo inapotajwa saa ya chipu na kipindi chake, muda ambao ishara huchelewa kabla ya kuingia kwenye pini, na njia ambazo zinastahili kuhesabiwa tofauti na nyingine. Kwa mtazamaji wa nje faili hili linaonekana jepesi, kwa kuwa mara nyingi ni mistari mia chache tu ukilinganisha na mantiki yenye maelfu kwa maelfu ya mistari. Mimi hulitengea muda mwingi kuliko faili jingine lolote. Ukieleza kwamba saa ina kipindi cha nanosekunde 2, yaani megahezi 500, programu itahangaika usiku kucha kuhakikisha kwamba kila njia kutoka rejista moja, yaani seli inayoshika thamani, hadi nyingine inamalizika ndani ya muda huo. Lakini ikiwa ndani ya mantiki kuna kigawanyaji kinachotoa saa ya pili yenye nusu ya kasi, nawe hukuitangaza saa hiyo, basi, kwa kuwa saa ya kwanza haipenyi kigawanyaji, rejista zote zinazotegemea saa hiyo ya pili huwa hazina saa yoyote machoni pa programu. Hazikaguliwi. Na kwa kuwa hazikaguliwi, hazina hitilafu, na ripoti ya muda hutoka safi kabisa.

Nimeona ripoti ya namna hiyo ikipokelewa kwa furaha kikaoni. Bloku, yaani sehemu moja ya chipu, ilikuwa imekabidhiwa kwetu na timu nyingine ikiwa na maelezo kwamba muda wake umefungwa, na kweli idadi ya hitilafu ilikuwa sifuri. Jambo lililonifanya nisite ni kwamba bloku ilikuwa kubwa na nafasi ya muda iliyobaki kwenye njia mbaya kabisa ilikuwa ya kuridhisha kupita kiasi, jambo ambalo halitokei kwa kawaida kwa sababu programu huacha kuboresha njia mara tu inapotosheleza sharti lake. Nilitoa ripoti nyingine, ile inayoorodhesha vituo vya mwisho ambavyo havina sharti lolote, na orodha ikawa ndefu kurasa kwa kurasa, karibu yote ikiwa na jina la kundi moja la rejista. Amri ya kutangaza saa ya pili ilikuwepo kwenye faili, tena imeandikwa vizuri, ila ilitaja pini kwa jina ambalo lilibadilika wakati wa usanisi, yaani hatua ya kugeuza mantiki kuwa seli. Programu ilitafuta pini hiyo, haikuipata, ikaandika onyo la mstari mmoja katikati ya faili la kumbukumbu, ikaendelea na safari yake.

Tabia hiyo ya kuendelea ndiyo chanzo cha taabu nyingi, na ina historia yake. Karibu programu zote za fani yetu huendeshwa kwa lugha ya Tcl, ambayo John Ousterhout aliianza mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, baada ya kuona kwamba kila zana ya kusanifu saketi waliyoitengeneza huko, ikiwemo Magic ya kuchorea maumbo ya chipu, ilikuja na lugha yake ndogo ya amri, na kwamba nyingi za lugha hizo zilikuwa dhaifu. Tcl ilifaa kwa sababu inaingizwa kwa urahisi ndani ya programu yoyote na inamruhusu mhandisi kuchanganya amri za zana na mizunguko, masharti na taratibu zake mwenyewe. Hata hivyo, amri za kutafuta vitu ambazo watengenezaji wa zana wameziongeza juu yake huwa na desturi ya kurudisha mkusanyiko mtupu pale zinapokosa kitu, na amri nyingi zinazopewa mkusanyiko mtupu hutoa onyo tu na kupita. Kwa mazungumzo ya papo kwa papo mbele ya skrini desturi hiyo ni nzuri. Kwa skripti inayokimbia saa kumi na nne bila mtu, ni hatari tupu.

Kwa hiyo skripti ninazozitunza hazitumii amri hizo moja kwa moja. Kila utafutaji hupitia utaratibu mdogo unaouliza swali moja: je, umepata angalau kitu kimoja? Kama hapana, mbio zote husimama hapo hapo na jina lililokosekana huandikwa kwa herufi kubwa. Upande wa pili wa shilingi ni kupata vingi mno, hasa pale alama ya nyota inapotumiwa kumaanisha jina lolote. Mtu huandika kwamba njia zote zinazoanzia kwenye rejista za usanidi zisihesabiwe, akaweka nyota mwishoni mwa jina, na miezi baadaye mwenzake katika timu ya mantiki akaongeza rejista za data ambazo jina lao linaanza vivyo hivyo. Tangu siku hiyo njia halali za data haziangaliwi na mtu. Ndiyo maana utaratibu wangu huandika pia idadi iliyopatikana, na idadi hiyo ikibadilika kati ya toleo moja la mantiki na jingine, ninataka kujua kwa nini kabla ya kusoma ripoti yoyote ya muda.

Swali lililokosewa si lazima litoe ripoti safi. Wakati mwingine hutoa kazi kubwa isiyohitajika, na mfano wake bora ninaoujua unahusu njia inayoruhusiwa mizunguko miwili ya saa. Ili mfano ueleweke ni lazima kutaja kwamba kila njia hukaguliwa mara mbili. Ukaguzi wa kwanza huangalia kama ishara inachelewa, yaani kama inafika baada ya mpigo unaopaswa kuinasa. Ukaguzi wa pili huangalia kama ishara inawahi mno, yaani kama inafika haraka kiasi cha kuivuruga thamani ya zamani kabla rejista haijamaliza kuishika. Bloku moja tuliyokuwa nayo ilivimba ghafla baada ya hatua ya kujenga mti wa saa. Seli zilibanana, nyaya zikakosa pa kupita, na maoni ya kwanza ya wengi yalikuwa kwamba tuombe eneo kubwa zaidi. Nilifungua picha ya bloku na kuzipaka rangi ya njano bafa zote, yaani seli zinazopitisha ishara bila kuibadilisha, zilizoongezwa katika hatua hiyo. Hazikutawanyika hata kidogo. Zilijikusanya zote kuzunguka saketi ya kuzidisha, na nilipobofya waya mmoja na kuufuata, nilikuta bafa baada ya bafa baada ya bafa, mnyororo mrefu usiofanya kazi yoyote ila kuchelewesha.

Saketi hiyo ya kuzidisha iliruhusiwa kutoa jibu lake kwa mizunguko miwili, na sharti lake liliandikwa kwa mstari mmoja unaosogeza ukaguzi wa kuchelewa kutoka nanosekunde 2 hadi 4. Sasa, kwa kanuni ya kawaida ya programu hizi, ukaguzi wa kuwahi hufuatana na ule wa kuchelewa ukiwa nyuma yake kwa mzunguko mmoja. Ulipokuwa kwenye sifuri, ukahamia kwenye nanosekunde 2. Kwa maneno mengine, programu ilikuwa imeambiwa, bila mtu yeyote kukusudia, kwamba hakuna ishara inayoruhusiwa kupita katika saketi ile kwa muda unaopungua nanosekunde 2. Fanya hesabu kwa tarakimu za kukadiria: ikiwa njia fupi huchukua pikosekunde 200 na bafa moja huchelewesha kwa pikosekunde 50, basi zinahitajika bafa 36 kwa biti moja, na kwa biti 64 ni bafa 2,304. Programu ilizitafutia nafasi zote, tena kwa ustadi. Mstari wa pili wa sharti, unaourudisha ukaguzi wa kuwahi kwenye sifuri, uliziondoa zote katika mbio zilizofuata, na ombi la eneo kubwa likafutwa.

Wanaoingia kwenye kazi hii huwa na mazoea ya kuuogopa ukaguzi wa kuchelewa kuliko ule wa kuwahi, kwa sababu ndio unaotajwa katika kila kikao na ndio unaoamua kasi itakayotangazwa. Mimi huwaambia wageuze. Chipu inayochelewa inaweza kuokolewa kwa kupunguza kasi ya saa. Itauzwa kwa bei ndogo, lakini itafanya kazi. Chipu ambayo ishara zake zinawahi haisaidiwi na kasi yoyote, kwa kuwa ukaguzi huo unahusu mpigo mmoja ule ule na kipindi cha saa hakimo katika hesabu yake. Ukaguzi wenyewe hurudiwa katika hali nyingi: silikoni ya polepole na volteji ya chini, silikoni ya kasi na volteji ya juu, joto, baridi, nyaya nene, nyaya nyembamba. Hata dhana kwamba joto ndilo adui wa kasi haisimami kila mahali, kwani volteji inapokuwa ndogo seli zinaweza kuwa polepole zaidi kwenye baridi, kwa sababu volteji ya kizingiti ya transista hupanda joto linaposhuka. Anayekagua kuchelewa kwenye joto peke yake anaweza kuwa ameiacha hali mbaya kuliko zote.

Kuna sehemu moja ya kazi ambako ninaamini jicho la mhandisi bado halijapata mbadala, nayo ni upangaji wa awali wa eneo: bloku za kumbukumbu zikae wapi, pini zitokee upande gani, na njia kuu za data zielekee wapi. Mbinu za kompyuta za kutafuta mpangilio si ngeni. Mwaka 1983 Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi wa IBM walieleza katika jarida la Science njia ya kutafuta mpangilio mzuri kwa kuiga metali inayopozwa taratibu, na upangaji wa sehemu za kompyuta ulikuwa miongoni mwa mifano yao. Programu za leo zimesonga mbele sana na hupanga seli ndogo vizuri kuliko mtu yeyote. Kumbukumbu ni jambo jingine: ni pande kubwa zisizogawanyika, ni chache, na kosa la kuweka moja vibaya haliponyeki kwa marekebisho ya baadaye. Nimeshuhudia wiki zikipotea katika kubadilisha vigezo vya programu ya kutandaza nyaya, kimoja baada ya kingine, ilhali tatizo lilikuwa kumbukumbu mbili zilizoachiwa mwanya mwembamba kati yao, mwanya ambao programu iliujaza seli kwa furaha kisha ikakosa njia ya kuzifikishia nyaya. Dakika tano za kuutazama mchoro wa msongamano, ambapo mwanya ule ulikuwa mwekundu kutoka juu hadi chini, zilitosha.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo haliandikwi sana katika miongozo ya zana, nalo ni kwamba matokeo yake yana kelele. Badilisha kipindi cha saa kwa pikosekunde moja, au jina la bloku, na mpangilio mzima unaweza kutoka tofauti, mara bora na mara mbaya, bila sababu ya kiuhandisi. Mhandisi anayeamini kwamba kila uboreshaji umetokana na kigezo alichokibadilisha hujikuta na skripti iliyojaa hirizi: mistari ambayo hakuna anayejua inafanya nini, lakini hakuna anayethubutu kuifuta. Dawa ni kuendesha mbio kadhaa zenye tofauti ndogo zisizo na maana, kuona matokeo yanatawanyika kwa kiasi gani, na kukataa kukiita kitu uboreshaji mpaka kizidi mtawanyiko huo. Ni gharama ya kompyuta, lakini ni nafuu kuliko kuzirithisha hirizi kwa mradi unaofuata. Kwa sababu hiyo hiyo kila mbio zangu huwa na folda yake, ikiwa na toleo la zana, alama za utambulisho za mafaili yote yaliyoingia, na skripti kama ilivyokuwa dakika ile. Folda zenye majina kama «mwisho» na «mwisho kabisa» hazikubaliki.

Kwa umeme nitasema machache. Gridi ya umeme huchorwa mapema na husahaulika mapema, kisha hukumbukwa pale uchambuzi unapoonyesha kwamba volteji imeshuka katikati ya bloku. Jambo la kuangalia kwanza si upana wa nyaya za juu bali kama vipitishi vya wima vinavyounganisha tabaka na tabaka vimewekwa kweli katika kila makutano, kwa maana mchoro wa juu huonekana mzima hata pale ambapo safu nzima ya vipitishi haipo.

Mtu anayetaka kuyaona haya kwa macho yake leo ana bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Mwaka 2018 ulianza mradi wa OpenROAD, ukiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha California, San Diego, chini ya ufadhili wa DARPA, wakala wa utafiti wa ulinzi wa Marekani, ukiwa na lengo la kutoka kwenye mantiki hadi kwenye umbo ndani ya saa 24 bila mkono wa binadamu. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater walitoa hadharani vipimo vya teknolojia ya nanomita 130, vitu ambavyo kwa kawaida havisomwi bila kutia saini mkataba wa siri. Nimezitumia zana hizo kufundishia, na faida yake kubwa machoni pangu ni kwamba hakuna kilichofichwa. Mwanafunzi hupima kwa KLayout, programu ya kutazama maumbo ya chipu, na kuona kwamba safu ya seli ina kimo cha mikromita 2.72, hupunguza waya wa metali ya kwanza chini ya mikromita 0.14 na kuona ukaguzi wa kanuni ukimkatalia. Na programu ikimpa jibu la ajabu, anaweza kufungua msimbo wake na kuona ilikuwa inajibu swali gani. Teknolojia ya nanomita 130 haitatengeneza simu ya kisasa. Kwa kujifunza, haipungukiwi na kitu.

Mwisho wa safari ni ukaguzi: kanuni za kiwanda, ulinganifu wa umbo na orodha ya miunganisho, na nyaya ndefu zinazoweza kukusanya chaji wakati wa utengenezaji na kuharibu lango la transista. Hapa programu hutoa hitilafu kwa maelfu, na ustadi uko katika kutotishwa na idadi. Lebo moja ya maandishi iliyoangukia kwenye waya usio wake yaweza kuifanya programu iamini kwamba umeme na ardhi vimegusana, kisha kila seli ya bloku ikalalamika. Huwa naanza na malalamiko machache yenye majina ya nyaya kuu, na mengi ya mengine huondoka pamoja nayo.

Hata baada ya hapo huja marekebisho, kwa sababu timu ya mantiki hugundua kasoro wakati matabaka ya chini yamekwisha kutengenezewa maski na yanayoweza kubadilishwa ni ya metali tu. Kwa ajili ya siku hiyo hutawanywa seli za akiba tangu mwanzo, milango ya mantiki ya kawaida na rejista chache zisizounganishwa na chochote, ili baadaye ziunganishwe kwa nyaya mpya. Na kwa programu ya kuboresha, seli ambayo matokeo yake hayaendi popote ni uchafu wa kufagiwa. Isipoambiwa kwa amri ya wazi kwamba seli hizo haziguswi, itazifuta katika hatua ya kwanza, na haitaandika kosa lolote, kwa kuwa kwa swali ililoulizwa imefanya sawasawa. Katika kila hatua ya skripti zangu, kuanzia upangaji wa eneo hadi faili la mwisho, kuna mstari mmoja unaohesabu seli za akiba na kusimamisha mbio pale idadi inapopungua hata kwa moja.